Niliyoyaandika Kuhusu Mama Yake

Mwalimu mkuu aliniita ofisini wiki ya kwanza ya muhula, akanisukumia barua mezani kabla sijaketi. Shirika fulani lilikuwa limechagua shule chache za Nyeri, na nyingine za Kirinyaga na Murang'a, lizisaidie kuwaonyesha kazi watoto wa gredi ya saba na ya nane ambao walikuwa karibu kuacha masomo. Kila shule ilitakiwa itafute mwalimu mmoja wa kuutengeneza huo mpango wake.

"Nimekuweka wewe," akasema. "Wengine wako na watoto wadogo. Wewe jioni hakuna kitu inakukimbiza nyumbani."

Alisema kweli. Watoto wangu wawili walikuwa wameshahamia mbali na mume wangu nilikuwa nimemzika miaka mitatu kabla. Nilichukua barua nikaenda nayo darasani. Sitadanganya, nilifurahi. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi bila mtu kuniuliza nafikiri nini.

Shule yetu iko kwenye mteremko wa kahawa, ng'ambo ya mto kutoka barabara ya Karatina. Kahawa ikiiva, nusu ya darasa haionekani. Wavulana wakifika gredi ya nane wanaanza kuitwa na machimbo ya mawe, na wasichana wanaitwa na nyumba za watu mjini, wakalee watoto. Hatuwafukuzi. Wanapungua tu, leo dawati hili, wiki ijayo lile, mpaka unaita rejista ukijua sauti zipi hazitaitika.

Nilianza kama anavyoanza kila mwalimu. Niliwagawia karatasi watoto ishirini na wanne tuliokuwa tumewachagua, nikawaambia waandike kazi wanayoitaka wakiwa wakubwa. Nilipata marubani, madaktari na mawakili. Hayo ndiyo majibu mtoto anayompa mwalimu ili amwache. Kesho yake nikauliza swali jingine: tangu Jumapili iliyopita, umemwona nani kwa macho yako akifanya kazi, na alikuwa akifanya nini?

Hapo karatasi zikajaa. Kuvunja kokoto. Kuchuma kahawa. Kulinda geti. Kuosha maiti, aliandika mmoja ambaye mjomba wake aliajiriwa mochari. Na msichana mmoja, wa miaka kumi na minne, aliyekaa karibu na mlango ili akichelewa asipite mbele ya watu, aliandika hivi: "Kuzalisha ng'ombe. Mimi mwenyewe nimesaidia mara mbili, moja ilikufa."

Nilimwita baada ya kipindi. Alisimama akitafuna ncha ya mkono wa sweta.

"Ulifundishwa na nani?"

"Hakuna mtu. Ng'ombe ya jirani ilikuwa inalia na hakukuwa na mtu."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Lakini ilikuwa inaniangalia."

Jibu hilo ndilo lililonipa mpango wangu. Niliona upuuzi wa kuleta wageni wenye tai waje kuwahubiria. Kila mtoto atapelekwa kwa mtu mmoja anayefanya kazi ya kweli, kila Ijumaa alasiri, mihula miwili mfululizo. Hatakwenda kutazama tu. Atashika.

Likizo nzima ya Aprili nilizunguka kutafuta watu wa kuwapokea. Mwenye karakana moja ya magari alinisikiliza huku akijifuta grisi, kisha akaniambia, "Madam, hao ni wale wa kupotea na spana." Mama mmoja wa saluni alisema atamchukua msichana safi, kama yupo. Nilijibiwa vibaya Othaya, nikajibiwa vibaya Karatina. Lakini nilipata pia. Nesi wa zahanati alikubali wawili, na fundi viatu mmoja. Mchomeleaji wa vyuma nyuma ya soko alisema, "Lete wawili wale wabaya kabisa. Mimi pia nilifukuzwa shule."

Wa mwisho alikuwa daktari wa mifugo, mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye pikipiki kuukuu na maneno machache.

"Msichana?" akauliza. "Hii kazi ni mavi na damu, Mwalimu."

"Ameichagua mwenyewe."

"Basi aje na gambuti."

Gambuti hakuwa nazo. Alienda na zangu, zikimpwaya.

Muhula wa pili ulikuwa mzuri, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Watoto waliokuwa wakitoroka Ijumaa wakawa wanafika asubuhi mapema wasije wakaachwa. Mvulana aliyekuwa akitukana walimu alirudi kutoka kwa mchomeleaji na alama ya moto kwenye kidole, akawa anaionyesha kwa wenzake kama medali. Lakini niliyemtazama zaidi alikuwa yule msichana.

Ijumaa moja nilimfuata. Tulikuta mtamba amelala kwenye zizi tangu alfajiri, mimba yake ya kwanza, macho yamegeuka meupe. Mwenye ng'ombe alikuwa amekwisha kata tamaa, anaongea na simu kutafuta mtu wa bucha. Daktari alipaka mkono sabuni akajaribu, akajaribu tena. Mkono wake ulikuwa mnene, na mtamba alikuwa mdogo. Akamgeukia msichana.

"Osha mpaka kwenye kiwiko."

Alipiga magoti kwenye tope akafumba macho. Nilimwona akitafuta kule ndani, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio chumba cha pili.

"Kichwa iko hapa," akasema. "Mguu moja iko sawa. Ile ingine imekunjika, imerudi nyuma."

"Shika kwato. Ifunike na kiganja isimchane mama yake. Akisukuma, wewe tulia. Akipumzika, vuta."

Ilichukua muda mrefu. Ndama alipotoka alianguka kwenye majani kama nguo iliyolowa, na daktari akamtia bua puani mpaka akapiga chafya. Mwenye ng'ombe alimshukuru daktari kwa mikono miwili. Hata hakumtazama msichana. Msichana mwenyewe hakujali, alikuwa akicheka peke yake huku akijisugua mikono kwenye ndoo. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Njiani daktari aliniambia kwa sauti ya chini, "Mikono ya huyu mtoto inaona."

Jumatatu iliyofuata alinisubiri mlangoni. "Ticha, mtu akitaka kukuwa kama daktari, ni masomo gani anafaa kupita?" Nikamwambia sayansi na hesabu. Akahama kutoka kiti cha mlangoni akaja dawati la pili. Hakuomba ruhusa, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa nifike kwenye fomu.

Shirika lilitaka orodha ya watoto wote. Jina, umri, kazi anayoipenda, mahali alipopelekwa. Safu ya mwisho, iliyokuwa pana kuliko zote, iliandikwa juu yake: Sababu za hatari. Maana yake ni kwamba tuseme kwa nini mtoto huyu tunamhesabu miongoni mwa wanaoelekea kupotea. Nilitaka kuijaza vizuri. Walimu wa shule nyingine waliandika "umaskini" kwa kila mtoto wakaenda zao. Mimi nilikwenda nyumba kwa nyumba.

Kwa mama yake yule msichana nilikaribishwa ndani ya nyumba ya mbao, nikapewa kiti chenye kitambaa. Mwanamke huyo alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini mgongo wake ulikuwa wa mzee. Alinipikia chai ya maziwa matupu, na tulipokunywa kikombe cha kwanza akaanza kusema. Bwanake aliondoka siku moja kwenda kutafuta kazi ya ujenzi na hakurudi. Yeye alichuma kahawa ya watu mpaka akaanguka na gunia, mgongo ukakataa. Ndipo akaanza kupika pombe. Alikamatwa mara mbili, na mara ya pili alifungwa miezi mitatu. Msichana alibaki akiwatunza wadogo zake wawili bila kumwambia mtu shuleni.

"Sijasemea mtu hiyo maneno," akasema. "Hata kanisani."

Akanimiminia kikombe cha pili. Hakuniomba nisiandike, kwa sababu hakujua kama naandika. Kalamu niliiacha mkobani. Niliandika nilipofika kwangu, nikiwa bado na ladha ya chai yake mdomoni: "Mama anapika na kuuza pombe haramu. Amewahi kufungwa. Baba hajulikani aliko. Mtoto yumo katika hatari ya kufuata njia ya mama yake."

Sentensi hiyo ya mwisho sikuambiwa na mtu. Niliitunga mwenyewe, kwa sababu safu ilikuwa bado ina nafasi.

Uzinduzi rasmi wa mpango ulifanywa muhula wa tatu, katika uwanja wa shule kubwa mjini. Kulikuwa na mahema, tisheti za manjano na kreti za soda. Watoto watano walichaguliwa waeleze walichojifunza, mmoja wao akiwa msichana wangu. Alikuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu ng'ombe na tulikuwa tumeufanyia mazoezi. Mama yake hakutaka kuja. Nilimwendea mara mbili kumsihi. "Njoo uone mtoto wako akisimama mbele ya watu," nikamwambia. Akaja, na rinda lake la kanisani, akaketi nyuma pamoja na wazazi wa mtaani kwetu.

Afisa wa shirika alikuwa kijana mpole. Sijawahi kumwona akimkasirikia mtu. Alieleza mpango wote vizuri, kisha akasema anataka kutuonyesha mfano wa kazi bora ya mwalimu, kazi ambayo shule zote zingeiga. Projekta ikawaka kwenye shuka jeupe. Ilikuwa fomu yangu.

Majina alikuwa ameyafunika kwa mstari mweusi, na nadhani aliona kwamba kwa hilo ametenda haki. Lakini jina la shule lilikuwa juu. Na katikati ya ukurasa, kwa herufi zilizoonekana mpaka kwenye kreti za soda: msichana, miaka kumi na minne, anapenda kazi ya mifugo. Kisha sentensi zangu zote nne, moja baada ya nyingine.

"Tazameni," akasema afisa. "Hakuna safu iliyoachwa wazi. Huyu mwalimu anawajua watoto wake."

Nilisikia mtu akicheka upande wa wazazi. Halafu nikasikia minong'ono. Nilijua natakiwa kwenda kwenye projekta nikaizime. Zilikuwa hatua kama kumi. Lakini afisa alikuwa ananitafuta kwa macho, akanipata, akasema, "Mwalimu, hebu simama tukupigie makofi."

Nikasimama. Hilo ndilo nililofanya. Nilisimama nikapigiwa makofi, na mdomo wangu ulikuwa ukitabasamu wenyewe. Kutoka pale niliposimama nilimwona mama yake akiinuka, akijipangusa rinda kwa mbele kama mtu aliyemwagikiwa na kitu, akitoka kwenye hema bila haraka.

Mshereheshaji hakuona lolote. Aliita mtoto wa kwanza kuzungumza, na wa kwanza alikuwa msichana wangu.

Alikwenda mpaka kwenye kipaza sauti. Shuka lilikuwa bado linawaka nyuma yake. Aligeuka akalisoma lote, midomo ikicheza kama anavyosoma darasani, kisha akamwangalia afisa.

"Hii maneno ni nani aliandika?"

Afisa alifikiri ni sehemu ya hotuba. "Ni mwalimu wako," akasema kwa furaha. "Tumpigie tena."

Walipiga wachache. Msichana alinitazama, si kwa muda mrefu. Akakunja karatasi yake mara mbili.

"Mimi nilikuwa nimeandika mambo ya ng'ombe," akasema, na akamfuata mama yake.

Jumatatu dawati la pili lilikuwa tupu. Jumanne pia. Alhamisi nilikwenda kwao. Mama yake alikuwa nje akianua nguo, na hakuacha kuanua.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Chai yangu ulikunywa vikombe mbili," akasema. "Mimi nilikuwa nakuambia vile mwanamke anaambia mwenzake. Kumbe wewe uko kazini."

"Sikujua wataonyesha watu."

"Na kama hawangeonyesha, ingekuwa sawa?"

Nikasema tena, "Nisamehe, mama."

"Nikusamehe ndio upate usingizi? Lala tu, Mwalimu. Mimi sijakukataza."

Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Alikuwa amempeleka kwa dada yake, Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga.

"Huko hakuna mtu amenisoma," akasema, akaingia ndani na karai la nguo.

Nilikwenda Wang'uru Jumamosi ya pili. Ni nchi nyingine ile, joto na maji yaliyosimama, na mlima wetu unauona kwa mbali upande usiouzoea. Mwanamke wa shamba la jirani alinielekeza. Nilimkuta msichana juu ya tuta kati ya majaruba mawili, akipiga debe kufukuza ndege wasile mpunga. Alinisalimu kwa heshima, akanifutia mahali pa kukaa kwa mkono. Ningependa angenitukana.

"Daktari anakuulizia," nikasema.

"Mwambie mimi niko sawa."

"Rudi shuleni. Nitazungumza na mwalimu mkuu. Nitazungumza na wenzako, mmoja mmoja."

"Utawaambia nini?"

Ndege walitua, akapiga debe, wakaruka. Kisha akakaa karibu nami, akiwa ameangalia maji.

"Ticha, niulize kitu. Ile ya mwisho, ya kwamba nitakuwa kama mama. Ni mama alikuambia?"

"Hapana."

"Ni mimi nilisema?"

"Hapana."

"Sasa ulitoa wapi?"

"Nilifikiri tu."

"Ulifikiri." Alilishika neno hilo kidogo. "Na wakati ulikuwa unafikiri hivyo, nilikuwa nimeanza kwenda kwa daktari, ama bado?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa ananipa nafasi, nafikiri, au pengine mimi ndiye ninayependa kuamini hivyo.

"Ulikuwa umeanza," nikasema. "Ilikuwa baada ya yule mtamba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akipiga hesabu na sasa jibu limekuja lile lile alilohofia. Akasimama akachukua debe. Hakunifukuza. Nilikaa pale mpaka dada ya mama yake alipomwita kula, nikaondoka.

Mpango ulisifiwa. Shirika liliuchukua wote jinsi nilivyoutengeneza, likaupeleka shule nyingine, na mwaka uliofuata niliitwa Kagio kuwafundisha walimu. Nilisimama mbele yao nikawaambia safu ya mwisho waiache wazi. Nilieleza sababu, ingawa sikueleza yote. Afisa yule mpole aliinua mkono. "Mwalimu, tukiiacha wazi, mfadhili atajuaje kwamba hawa watoto wana shida?" Na mwalimu mmoja wa mstari wa mbele, kalamu tayari mkononi, akaniuliza, "Kwa hivyo 'baba mlevi' niandike ama nisiandike?" Nikamwambia asiandike. Nikamwona akiandika.

Nilijiondoa muhula huo huo. Mwalimu mkuu alimpa kazi kijana mmoja aliyetoka chuoni juzi, na Ijumaa zikafa moja moja, kwa kuwa kuzunguka kubembeleza mafundi kunachosha na hakuna picha nzuri ya kutuma. Sasa kuna siku moja kwa mwaka. Wanakuja wageni wenye tai. Mchomeleaji peke yake ndiye bado ananiuliza kila mara tukionana kama nina wawili wabaya, nami humpelekea bila kumwandikia mtu chochote.

Daktari wa mifugo amestaafu. Nilikutana naye Nyeri mjini, nje ya duka la dawa za wanyama, akaniambia amemwona yule msichana. Alisoma Wang'uru muhula mmoja, akaacha. Sasa yuko kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa mbele ya Kagio. Anakamua, anafagia mazizi, na ng'ombe akishindwa kuzaa wanamwamsha yeye, ili tajiri asisumbuke kumwita daktari.

"Nilimwambia kuna chuo," mzee akasema. "Kwamba anaweza kurudi amalize, aingie. Akaniuliza, huko wanaandikisha mtu vipi? Wanauliza mambo ya nyumbani?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo, wanauliza. Ningemdanganya?"

Alinitazama kama anangoja niseme kitu, kisha akaingia dukani.

Mama yake naye tunaonana. Kijiji ni kimoja na kanisa ni moja, utamkwepa mtu mpaka lini? Mwanzoni alikuwa akivuka barabara. Siku hizi hunipa mkono kama anavyompa kila mtu. Juzi tulijikuta kwenye foleni moja kiwandani, tukisubiri kahawa zetu zipimwe. Akaniuliza habari za wajukuu wangu, nikamwambia wanakua. Mimi sikuuliza habari za binti yake. Foleni ilikuwa ndefu na tulisimama pale karibu saa nzima, yeye mbele, mimi nyuma yake.